Boya la Sufi: uchambuzi wa kisa cha baharia wa Pemba aliyefia vitani mwaka 1944

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanaokusanya masimulizi ya wazee: walimu wa historia, wajukuu wenye simu za kurekodia, watu wanaoandika vitabu vya ukoo. Kimetokea Pemba. Majina ya wahusika, kijiji chao na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa kwa ombi la familia. Jina la meli na habari za vita zimebaki kama zilivyo, kwa kuwa hizo ni historia iliyo wazi kwa kila mtu.

## Usuli

Marehemu tutamwita Baharia. Alizaliwa kijiji cha pwani kisiwani Pemba, akaanza bahari kwenye ngalawa ya baba yake, kisha akapanda majahazi yaliyokuwa yakichukua karafuu kwenda Unguja na mizigo mingine hadi Mombasa na Lamu. Familia inasema Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha na kazi za majahazi kuwa haba, yeye alikuwa Mombasa, na huko huko akajiandikisha jeshini. Alipelekwa kikosi cha mizinga. Nyuma aliacha mke na mtoto wa kike asiyejua hata kumtamka vizuri. Mtoto huyo ndiye Bibi wa kisa hiki. Kwa sasa amepindukia miaka 80, macho yamepungua nuru, ila masikio na kumbukumbu viko sawa.

Wengine wawili watatajwa sana. Mwalimu ni binti wa Bibi, anasomesha skuli ya sekondari. Mjomba ni mtoto wa kaka yake Baharia, ndiye msimulizi wa ukoo, na kila ikisomwa hitma ya wazee waliotangulia yeye ndiye huulizwa, "Hebu tuhadithie habari za yule wa vitani."

Meli yenyewe ilikuwa Khedive Ismail. Ilijengwa mwaka 1922, na wakati wa vita ilikuwa ikisafirisha wanajeshi. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa katika msafara wa meli tano za abiria kuelekea Colombo, Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ndani yake walikuwamo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa upande wa vita vya Burma, pamoja na wauguzi na wanawake wa jeshi la majini la Uingereza. Jumla walikuwa watu 1,511. Manowari HMS Hawkins, HMS Petard na HMS Paladin ziliusindikiza msafara.

Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili, makombora yaendayo chini ya maji. Meli ilizama chini ya dakika 2. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

## Kisa kilivyosimuliwa ukumbini

Mjomba anasimulia vizuri, na hilo nalisema kwa heshima. Kwa mujibu wake, meli ilipopigwa Baharia alikuwa juu sitahani. Angeweza kuruka akaogelea. Badala yake akashuka tumboni mwa meli, akamtoa askari mmoja begani. Akashuka tena, akamtoa wa pili. Akashuka mara ya tatu, akamtoa wa tatu. Ya nne hakurudi, meli ikaenda naye. Vijana wa ukoo wamekua na kisa hicho. Mmoja wao alikiandika skuli kwenye insha akasifiwa mbele ya darasa.

Mwalimu alipokuja kwangu kutafuta msaada alikuwa na azma moja. Mama yake ameshakuwa mtu mzima sana, na yeye alitaka kisa kiandikwe rasmi, kichapwe, na ikiwezekana kibao chenye jina la babu yake kitundikwe kwenye ukuta wa msikiti wa kijiji. Alikuwa ameshaandika kurasa kadhaa kwa kufuata simulizi ya Mjomba.

## Mambo yalivyokwenda

Tatizo lilijitokeza mapema. Mwalimu mwenyewe, katika kutafuta tarehe za kuweka kwenye maandishi yake, alikutana na habari kwamba meli haikukaa juu ya maji hata dakika 2. Akahesabu. Mtu kushuka ngazi za meli inayolala upande, kumtafuta mwenzake gizani, kumbeba, kupanda naye, halafu kurudia mara tatu, haiwezekani kwa muda huo. Alinyamaza kwa siku nyingi. Alipokuja kusema, alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Basi babu yangu hakufanya lolote?"

Hapo ndipo wengi huharibu. Wapo wanaofunga daftari na kuandika "hadithi isiyothibitika", na wapo wanaoificha hiyo habari ya dakika 2 ili simulizi isipate doa. Tulikubaliana na Mwalimu kwamba kabla ya kuhukumu kitu, kwanza tujue simulizi ilitoka kwa nani na ilipita kwa nani. Mjomba alizaliwa baada ya vita. Alichonacho alikipata kwa baba yake, na baba yake hakuwamo melini. Mtu pekee katika familia aliyewahi kukaa karibu na shahidi alikuwa Bibi, na Bibi hakuwa amewahi kuulizwa. Kila mtu alidhani alikuwa mdogo mno.

Akaulizwa, kwake, barazani, Mwalimu akiwepo na Mjomba hayupo. Hakuulizwa kama baba yake alikuwa shujaa. Aliulizwa nani aliileta habari ile nyumbani, alifika wakati gani wa mwaka, alikaa wapi, alivaa nini, alisema nini na mikono yake ilikuwa ikifanya nini wakati anasema.

Bibi akakumbuka. Baada ya vita, msimu wa karafuu, alikuja mwanamme mgeni kutoka bara, mrefu, amevaa koti la jeshi juani. Huyu tutamwita Rafiki. Alikaa siku chache kwao. Mama yake Bibi alimkaribisha nyuma ya pazia, kaka wa marehemu akiwa ndiye mwenyeji. "Mie nilikuwa kitoto, hakuna aliyenifukuza," alisema Bibi. "Nilikaa chini ya kitanda cha kamba, nikimtazama mikono."

Mikono ya Rafiki ilikuwa ikifungua kamba kifuani. Bibi aliigiza: fundo la juu, fundo la kati, fundo la chini, kisha akafanya kama anayemvisha mtu mwingine na kumfunga. Rafiki alisema walikuwa juu sitahani wote wawili kwa sababu Baharia hakupenda kukaa ndani mchana. Boya la Rafiki lilikuwa limebaki chini. Meli ilipolala wakajikuta majini pamoja. Rafiki hakujua kuogelea hata kidogo, kwao hakuna bahari wala ziwa. Baharia akafungua boya lake akamvisha, akamwambia: "Mimi haya maji nayajua. Wewe vaa." Wakakaa hivyo majini kitambo, wakizungumza. Halafu yakaja mapigo kutoka chini ya maji, na baada ya hapo Rafiki hakumwona tena.

Kulikuwa na jambo moja lililonifanya niegemee ushahidi huu kwa uzito mkubwa. Bibi alisema boya lile "lilikuwa la sufi, kama godoro", na kwamba akiwa mtoto jambo hilo lilimshangaza sana, kwani godoro likilowa si huzama? Maboya ya kuvaa ya wakati ule yalijazwa sufi kweli, ile pamba ya msufi, na kufungwa kwa kamba kifuani, na sufi haishiki maji upesi. Bibi hajawahi kupanda meli ya aina hiyo, na maboya anayoyaona leo kwenye boti za Unguja na Pemba ni ya plastiki na sponji. Kumbukumbu ya namna hiyo haitungwi na mtoto wa Pemba aliyekua chini ya misufi. Alipewa na mtu aliyelivaa.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuandika matoleo yote mawili, kila moja kwa jina la aliyelisimulia. Lililotangulia ni la Bibi kutoka kwa Rafiki. La Mjomba likafuata, likielezwa waziwazi kwamba limekua ukumbini kwa miaka mingi na kwamba muda wa kuzama kwa meli haulikubali. Mwalimu alitaka kulifuta kabisa. Nilipinga. Simulizi ya Mjomba inaonyesha kitu cha kweli kuhusu ukoo ule: walimpoteza mtu bila kaburi, bila barua, bila hata kanzu ya kuzika, wakajenga kwa maneno. Hiyo nayo ni sehemu ya historia, mradi isimame mahali pake.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi, na ndio ulioleta mtafaruku. Yale mapigo ya chini ya maji aliyoyasema Rafiki yanajulikana. Baada ya kuipiga meli, nyambizi ilijificha chini, eneo lile lile waliloelea manusura. Paladin ilishusha mashua kuwaokota watu. Lakini nyambizi ilikuwa bado hai, na meli nyingine nne za msafara zilikuwa na maelfu ya watu. Manowari zikatupa mabomu ya kulipukia chini ya maji hapo hapo, miongoni mwa watu waliokuwa wakiogelea. Nyambizi ilipoibuka, yalifuata mapambano marefu. Paladin iliharibika, na mwishowe topido ya Petard ikaizamisha I-27.

Ukweli ni kwamba Baharia, kama simulizi ya Rafiki ni sahihi, yumkini hakuuawa na Wajapani. Aliuawa na mabomu ya upande wake mwenyewe. Mlipuko wa chini ya maji huvunja mapafu na matumbo, na mwili uliozama zaidi hupokea pigo zaidi. Aliyevaa boya kifua chake huelea juu. Anayeogelea bila boya yuko majini mpaka shingoni. Inawezekana kabisa kwamba boya lile lilimwokoa Rafiki mara mbili, mara ya pili kwa hatari ambayo hakuna kati yao aliyeijua wakati wa kuvishana.

Je, Bibi aambiwe? Familia yote ilikuwa ikisema "waliomuua ni Wajapani". Mwalimu aliona kumwambia mama yake jambo hilo akiwa na umri ule ni kumfanyia ukatili. Rai yangu ilikuwa aulizwe kwanza kama angependa kujua namna watu walivyokufa majini, naye achague. Mwalimu akaomba muda. Tukampa muda, na rasimu ikabaki kwake.

## Matokeo

Muda ule haukutumika vizuri. Rasimu ilipigwa picha na mmoja wa vijana, ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na siku ya hitma kijana mmoja akauliza mbele ya watu: "Kwani si Waingereza ndio waliompiga babu?" Bibi alikuwepo.

Alikasirika, na hasira yake haikuwa juu ya habari yenyewe. Alisema, na Mwalimu alininukulia neno kwa neno: "Baba ni wangu. Watoto wamejua kabla yangu." Kwa wiki kadhaa hakutaka kuzungumza na mtu yeyote habari ya maandishi. Mjomba naye alihisi amevuliwa nguo hadharani, kwani ile rasimu ilikuwa na sehemu inayosema toleo lake haliwezekani, na vijana waliisoma wakicheka.

Aliyetuliza mambo alikuwa Bibi mwenyewe. Alimwita Mjomba, akamtaka akae, akamsimulia habari ya boya, mikono na mafundo, kama alivyotusimulia sisi. Mjomba alikuwa hajawahi kuisikia. Tangu hapo, akisimulia, huanza na boya. Zile safari tatu za tumboni mwa meli bado huzitaja, lakini siku hizi hutanguliza, "Na marehemu baba yangu akiongeza kwamba..."

Kibao hakikuwekwa. Wazee wa msikiti walisema kwa upole kwamba waliokufa baharini katika kijiji kile ni wengi, wavuvi na mabaharia, na ukuta wa msikiti hauwezi kumtaja mmoja. Nadhani walikuwa sahihi. Maandishi yaliingizwa kwenye kitabu cha ukoo, pamoja na nakala ya sauti ya Bibi.

Kuhusu jina lake: askari wa Afrika Mashariki waliokufa na Khedive Ismail wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulioko makaburi ya vita Nairobi, na orodha yake inatafutika kwenye mtandao. Lipo jina linalofanana na la Baharia, ila jina la baba limeandikwa kwa namna inayoweza kuwa lake na inayoweza kuwa la mtu mwingine. Familia imeamua kutolidai mpaka lipatikane jambo jingine la kulithibitisha.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni namna Bibi alivyoulizwa. Ukimuuliza mzee "Je, ni kweli aliwaokoa watu?" unamlazimisha kuwa wakili wa marehemu, naye atamtetea kama mtoto yeyote mwema anavyopaswa kumtetea mzazi wake. Ukimuuliza mgeni alikaa wapi na mikono yake ilifanya nini, unamrudisha chini ya kitanda cha kamba, na huko hakuna cha kutetea. Katika kisa hiki ushahidi wote wenye nguvu, mafundo, sufi na koti la jeshi juani, ulitoka kwenye maswali ya aina ya pili.

Kuwahoji wasimulizi mmoja mmoja pia kulisaidia. Laiti Mjomba angekuwepo barazani, Bibi angemwachia yeye aseme, kwa adabu tu, na toleo la ukumbini lingelifunika lile la Rafiki.

Kilichoshindwa kiko kwenye uamuzi wa pili. Swali la "aambiwe au asiambiwe" lilijadiliwa na watu wasiokuwa wenye msiba, na wakati linajadiliwa jibu lilikuwa tayari limeandikwa kwenye karatasi. Habari nzito inapopatikana, aliye karibu zaidi na marehemu ndiye wa kwanza kuulizwa kama anaitaka, na hiyo ifanyike kabla ya kuiandika mahali popote pale. Kumkinga mzee asijue kuna sura ya huruma, lakini kunamtoa kwenye nafasi yake. Bibi alikuwa ameishi bila baba tangu mwaka 1944. Hakuhitaji kukingwa na mtu wa miaka 50. Na sehemu iliyomhusu Mjomba ilipaswa asomewe yeye kwanza, peke yake, tena na mtu wa rika lake.

Lakini jambo ambalo ningetaka msomaji alishike zaidi linahusu ushujaa wenyewe. Mwalimu, kwenye rasimu ya kwanza, aliandika kwamba babu yake "alijitoa mhanga, akachagua kufa ili wenzake waishi". Tuliiondoa sentensi hiyo, na nadhani kuiondoa kulimpa heshima zaidi. Kwa tunavyojua, Baharia hakuchagua kufa. Maneno yake, "Mimi haya maji nayajua", ni maneno ya mtu anayetarajia kuishi. Aliangalia watu wawili na boya moja akafanya hesabu ya kibaharia: huyu bila boya ana dakika, mimi bila boya nina saa nyingi, na manowari zinaonekana. Mtu aliyelelewa jahazini amefundishwa hesabu hiyo tangu utoto, kwamba anayejua maji hubeba sehemu kubwa ya hatari kuliko asiyejua. Alibeba sehemu yake akiwa amehesabu vizuri. Kilichomuua hakikuwamo kwenye hesabu.

Tukiandika kwamba alichagua kufa, tunamtia moyoni nia ambayo hakuna shahidi aliyeisikia, na tunaipoteza ile tuliyoisikia. Tena tunaufanya ushujaa uonekane kitu cha watu wasiojali uhai wao, wakati huyu alijali uhai wa wote wawili na alikuwa na mpango wa kuufikisha pwani. Vijana wa Pemba wanaopanda boti kila siku wanaweza kumwelewa mtu wa namna hiyo, na wanaweza kumfuata.

Kuna waliouliza, baada ya ile hitma, nani basi alaumiwe. Nahodha wa manowari alikuwa na nyambizi chini yake na meli nne zilizojaa watu mbele yake. Naielewa hesabu yake pia. Hata hivyo naona ni haki familia iandike, kama ilivyoandika, sentensi isiyomficha wala kumtukana mtu: "Alikufa majini kwa mabomu yaliyotupwa kuizamisha nyambizi ya adui, baada ya kumpa mwenzake boya lake."

Kazi moja imebaki, nayo haiko Pemba. Rafiki alirudi kwao bara, na kama alijaaliwa watoto, nao wana nusu ya kisa hiki, pengine wakikisimulia kwa jina la "Mswahili wa pwani" aliyemvisha baba yao boya. Bibi analikumbuka jina lake la kwanza na kabila alilojitaja. Mwalimu ameyaandika yote mawili, pamoja na ile habari ya koti, na ameanza kutafuta orodha ya askari wa kikosi cha 301 waliookolewa ili aone wangapi walikuwa na jina hilo.